Kingston, Jamaika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Historia na Maeneo Mashuhuri ya Mji

Wengi wetu tuliijua Kingston kwa masikio kabla ya kuiona kwenye ramani. Nyimbo zake zimepigwa kwenye matatu na daladala miaka nenda miaka rudi, lakini mji wenyewe hatuujui sana. Majibu haya nimeyapanga kuanzia baharini kupanda kuelekea milimani, maana ndivyo Kingston ilivyokua: kila msiba ulipoupiga mji, wenye uwezo walihamia juu kidogo na wasio na uwezo wakabaki chini, karibu na maji. Na sehemu kubwa ya mambo ambayo dunia inaipendea Kingston imetoka kwa hao waliobaki chini.

Kingston iko upande gani wa Jamaika?

Iko pwani ya kusini-mashariki, kwenye uwanda wa Liguanea, kati ya bahari na milima ya Blue Mountains, ambayo kilele chake kirefu kina mita 2,256. Mbele ya mji kuna ulimi mwembamba wa mchanga uitwao Palisadoes. Ulimi huo huizuia bahari kuu isiingie bandarini kwa kishindo, na ndiyo sababu Kingston ina mojawapo ya bandari kubwa za asili duniani. Uwanja wa ndege wa Norman Manley umejengwa juu ya mchanga huohuo, kwa hiyo anayetua kwa ndege huuona mji ng'ambo ya maji, na milima nyuma yake, kabla hajaukanyaga.

Watalii wengi hawafiki huku. Huishia Montego Bay, Negril na Ocho Rios, kwenye fukwe za kaskazini na magharibi. Inasikitisha, maana historia ya Jamaika haikuandikwa kwenye fukwe za hoteli.

Je, Kingston ndiyo imekuwa mji mkuu tangu mwanzo?

Hapana. Kabla ya Wazungu kisiwa kilikuwa cha Wataino. Columbus alifika mwaka 1494, na Wahispania walipohamia walijenga kwanza Sevilla la Nueva upande wa kaskazini, kisha wakahamia upande wa kusini, bara kidogo, mahali ambapo leo panaitwa Spanish Town. Waingereza walikiteka kisiwa mwaka 1655 na kuiacha serikali palepale Spanish Town. Wakati huo Kingston haikuwepo kabisa.

Baadaye, wafanyabiashara wa Kingston walipotajirika, walianza kudai serikali iwafuate. Gavana Charles Knowles alihamisha makao mwaka 1755, wenye mashamba ya miwa wakapinga hadi London, na mwaka 1758 serikali ikarudishwa Spanish Town. Mvutano uliendelea kwa zaidi ya karne. Gavana John Peter Grant ndiye aliyeumaliza mwaka 1872, na tangu hapo Kingston haijapokonywa hadhi hiyo.

Ni kweli kwamba mji huu ulizaliwa na tetemeko la ardhi?

Kweli tupu. Kwenye ncha ya Palisadoes kulikuwa na mji uitwao Port Royal, wenye watu wapata 6,500, nyumba za matofali zilizobanana, maghala, na vilabu vya pombe visivyohesabika. Waingereza hawakuwa na manowari za kutosha kuilinda Jamaika, wakawakaribisha maharamia waibe mali za Wahispania na kuzitumia hapo. Henry Morgan, aliyeongoza uvamizi wa Panama, aliishia kuwa naibu gavana. Wahubiri wa zama hizo waliuita mji mwovu kuliko yote duniani.

Tarehe 7 Juni 1692, kabla ya adhuhuri, ardhi ilitikisika. Port Royal ilikuwa imejengwa juu ya mchanga uliolowa maji, na mchanga wa namna hiyo ukitikiswa hugeuka uji. Majengo hayakuanguka tu, yalizama wima. Kama theluthi mbili ya mji iliingia baharini. Watu wapata 2,000 walikufa siku hiyo, na wengine karibu idadi hiyohiyo wakafa baadaye kwa majeraha na magonjwa. Mwaka 1959 wazamiaji waliokuwa wakichunguza magofu chini ya maji waliibua saa ya mfukoni ya shaba. Picha ya eksirei ilionyesha mahali mishale ilipokuwa imegandia: saa tano na dakika arobaini na tatu.

Walionusurika walivuka bandari kwa mashua wakapiga kambi kwenye uwanda wa Liguanea, kwenye shamba lililokuwa likifugiwa nguruwe. Mbu na maradhi ya tumbo viliwaua wengi humo kambini. Serikali ilinunua ekari 200 za ardhi hiyo mwaka huohuo na kupima mji mpya. Hata hivyo wengine walirudi kung'ang'ania mabaki ya Port Royal, hadi moto wa mwaka 1703 ulipowakatisha tamaa. Ndipo Kingston ikajaa.

Port Royal bado ipo? Kuna nini cha kuona?

Ipo, ni kijiji cha wavuvi. Mwaka 2025 UNESCO iliuingiza mji huo uliozama, pamoja na mabaki yaliyo nchi kavu, kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, jambo ambalo Wajamaika walilisubiri muda mrefu.

Anzia Fort Charles, ngome iliyoanza kujengwa miaka ya 1650. Nelson, ambaye baadaye alikuja kuwa amiri mashuhuri wa Uingereza, aliwahi kuiongoza mwaka 1779 akiwa kijana wa miaka ishirini tu. Karibu na ngome kuna ghala dogo la mizinga la karne ya 19 liitwalo Giddy House. Tetemeko la mwaka 1907 lililizamisha upande mmoja, likabaki limeinama. Ukiingia ndani, macho yako yanakwambia kuta zimenyooka na miguu inakwambia sakafu imeinama, na unajikuta unapepesuka kama mtu aliyekunywa. Watoto hawataki kutoka.

Kisha nenda kanisa la St. Peter's ukalisome jiwe la kaburi la Lewis Galdy. Mfaransa huyu alimezwa na ardhi katika tetemeko la 1692, mtikisiko uliofuata ukamtapika baharini, akaogelea hadi kwenye mashua. Aliishi miaka 47 zaidi. Jiwe lenyewe linasimulia kisa hicho kwa maneno yaliyochongwa, na naona ndilo jiwe la kaburi lenye habari nzito kuliko yote katika Karibi.

Utajiri wa Kingston ya zamani ulitoka wapi?

Ulitoka kwenye watu waliouzwa. Takriban Waafrika milioni moja walishushwa Jamaika wakiwa hai katika karne za biashara ya utumwa, na bandari kuu ya kuwashusha ilikuwa Kingston. Wengi walitoka pwani ya Ghana ya leo, kusini-mashariki mwa Nigeria, na nchi za Kongo na Angola. Wengine waliuzwa kwenye mashamba ya miwa kisiwani, wengine wakapakiwa tena kwenda makoloni ya Hispania.

Jengo moja linaweka jambo hili wazi: Headquarters House, barabara ya Duke. Lilijengwa mwaka 1755 na Thomas Hibbert, mmoja wa wauzaji wakubwa wa watumwa mjini. Masimulizi yanasema yeye na wafanyabiashara wenzake watatu walipinga dau nani atajenga nyumba nzuri kupita zote. Ni nyumba nzuri, sina ubishi: sakafu za mbao, madirisha marefu ya kupitisha upepo, na kijumba juu ya paa cha kuchungulia meli zikiingia. Meli zenyewe zilibeba nini, tunajua. Baadaye jeshi lililitumia kama makao, na tangu 1872 hadi 1960 likawa ukumbi wa baraza la kutunga sheria. Bunge la leo liko jirani, Gordon House, lililopewa jina la George William Gordon, mwanasiasa aliyenyongwa mwaka 1865 kufuatia uasi wa Morant Bay.

Utumwa ulifutwa kisheria tarehe 1 Agosti 1834, lakini watu walilazimishwa kuendelea kuwafanyia kazi mabwana wao kwa miaka minne zaidi kwa jina la "uanagenzi". Uhuru kamili ulikuja 1 Agosti 1838.

Kwa nini majengo mengi ya katikati ya mji yanaonekana ya umri mmoja?

Kwa sababu ya Jumatatu, tarehe 14 Januari 1907. Mchana, mnamo saa tisa na nusu, tetemeko liliupiga mji kwa nusu dakika hivi, kisha moto ukala maghala ya bandarini na mitaa ya biashara. Walikufa watu kati ya 800 na 1,000. Karibu kila jengo liliharibika.

Mji ulijengwa upya kwa zege lenye nondo. Majengo ya serikali yaliyo barabara ya King, yenye varanda pana za matao ambamo unaweza kutembea mtaa mzima bila kuguswa na jua, ni ya wakati huo. Kanisa kuu la Katoliki la Holy Trinity, lenye kuba kubwa inayoonekana kutoka mbali, lilikamilika 1911. Sinagogi la barabara ya Duke ni la 1912, na sakafu yake imemwagwa mchanga. Wayahudi wa Jamaika walitokana na waliokimbia mateso ya Hispania na Ureno, na wanasema mchanga huo huwakumbusha mababu zao waliosali kwa siri wakizima sauti za nyayo.

"Parade" inayotajwa kila mara ni kitu gani?

Ni uwanja wa katikati ya mji wa zamani. Aliyepima Kingston alichora barabara zilizonyooka zikikatana kama mistari ya daftari la hesabu, na katikati akaacha mraba ambamo wanajeshi walifanyia gwaride. Leo ndani yake kuna bustani ya St. William Grant. Zamani iliitwa Victoria Park, ikabadilishwa jina mwaka 1977 kumheshimu kiongozi wa wafanyakazi aliyehutubia umati hapohapo wakati wa migomo ya 1938. Yeye na Alexander Bustamante walikamatwa Mei mwaka huo, na msukosuko ule ndio uliozaa vyama vya wafanyakazi na vyama vya siasa vilivyoipeleka Jamaika hadi uhuru.

Kaskazini mwa uwanja kuna Ward Theatre, jumba la rangi ya samawati lililofunguliwa 1912, zawadi ya mfanyabiashara wa ramu aitwaye Charles Ward. Limechakaa, na kulitazama kunauma. Kusini kuna kanisa la parokia ya Kingston, lililojengwa upya baada ya tetemeko. Ndani yake amezikwa Amiri Benbow, aliyekufa mwaka 1702.

Lakini Parade haikai ikakusubiri uitazame. Mabasi, wachuuzi, wahubiri wenye vipaza sauti, mikokoteni ya nazi na miwa, wanafunzi wa shule wakigombania usafiri. Mtu wa Kariakoo au Gikomba hatapata shida kupita. Ukishuka magharibi kidogo unaingia Coronation Market, soko kubwa kuliko yote nchini, ambako wanawake wa mashambani hushusha viazi vikuu, pilipili, matunda ya akee na mafungu ya tangawizi mbichi. Akee ndiyo asili ya mlo wa taifa, hupikwa na samaki wa chumvi, na mti wake uliletwa kutoka Afrika Magharibi katika zama za utumwa.

Kwa nini Simón Bolívar ana sanamu Kingston?

Kwa sababu kiongozi huyu wa ukombozi wa Amerika ya Kusini aliishi hapa uhamishoni mwaka 1815, baada ya kushindwa vitani. Tarehe 6 Septemba aliandika barua ndefu kueleza kwa nini makoloni ya Hispania lazima yajitawale, na barua hiyo husomwa hadi leo Amerika ya Kusini kote. Desemba mwaka huo mtumishi wake alihongwa amchome kisu usiku. Bolívar hakuwa amelala kitandani mwake. Aliyekuwamo alikufa badala yake. Punde akaondoka kwenda Haiti.

Marcus Garvey amezikwa wapi?

National Heroes Park, uwanja mkubwa uliokuwa wa mbio za farasi hadi miaka ya 1950. Garvey alizaliwa St. Ann's Bay mwaka 1887, akaanzisha hapa Kingston mwaka 1914 jumuiya yake ya UNIA, ya kuwaunganisha na kuwainua watu weusi, akaikuza akiwa Marekani hadi ikawa na matawi katika nchi nyingi. Alifungwa huko, akarudishwa Jamaika, na akafa London mwaka 1940 bila kupata kamwe nafasi ya kuikanyaga Afrika aliyoihubiri maisha yake yote. Mwili wake uliletwa nyumbani mwaka 1964, naye akawa shujaa wa kwanza wa taifa. Wakazi wa Nairobi wanaoishi Kilimani hupita kila siku kwenye Marcus Garvey Road.

Jamaika ina mashujaa saba wa taifa, na wote wana kumbukumbu zao bustanini, akiwemo Nanny, mwanamke aliyewaongoza Wamaroon, yaani watumwa waliotoroka na vizazi vyao, kupigana na Waingereza milimani. Norman Manley na Bustamante wamelala hapo pia. Ukitoka, pita Liberty Hall, namba 76 barabara ya King, ukumbi wa UNIA uliofunguliwa mwaka 1923. Sasa ni makumbusho na maktaba, na watoto wa mitaa ya jirani huja kusoma humo baada ya shule. Kama ungetaka kuona wosia wa Garvey ukiendelea kufanya kazi, ni humo.

Haile Selassie alifika kweli, au ni hadithi ya Marasta?

Alifika tarehe 21 Aprili 1966, na filamu za siku hiyo zipo.

Ili uelewe uzito wake, rudi nyuma. Mwaka 1930 Ras Tafari alitawazwa kuwa mfalme wa Ethiopia. Kuanzia 1933 mhubiri aitwaye Leonard Howell alikuwa akiwaambia maskini wa Kingston na vijiji vya mashariki kwamba mfalme huyo mweusi ndiye Masihi wao, na kwamba utii wao si wa mfalme wa Uingereza. Alifungwa kwa uchochezi. Wafuasi waliokuja baada yake walinyolewa kwa nguvu, walipigwa, walinyimwa kazi. Walikuwa watu wa kudharauliwa kuliko wote mjini.

Sasa ndege ya mfalme ikatua Palisadoes. Umati unaokadiriwa kufikia watu 100,000 ulivunja vizuizi, ukapita gwaride la heshima na zulia jekundu, ukaizingira ndege. Mlango ulifunguliwa, mfalme akatazama, akarudi ndani. Ikabidi serikali imwombe mzee wa Kirasta, Mortimer Planno, apande ngazi kuzungumza naye. Planno akashuka, akawaomba watu wampishe mgeni, na watu wakampisha. Mtu ambaye jana polisi wangemfukuza uwanjani leo ndiye pekee aliyeweza kumshusha mgeni wa taifa kwenye ndege. Marasta huadhimisha tarehe hiyo kila mwaka.

Miezi mitatu baadaye, Julai 1966, matingatinga ya serikali yalibomoa mtaa wa vibanda uitwao Back-o-Wall, makao ya Marasta wengi, na mahali pake pakajengwa Tivoli Gardens. Mambo hayo mawili yatazamwe pamoja.

Nianze wapi nikitaka kumfuata Bob Marley: Trench Town au Hope Road?

Trench Town. Watu wengi hufanya kinyume, na hupoteza nusu ya habari.

Trench Town ilikuwa mradi wa nyumba za serikali wa miaka ya 1940, vyumba vilivyopangwa kuzunguka ua mmoja wenye jiko na bomba vya pamoja. Ua mmoja wa barabara ya First umehifadhiwa kama makumbusho. Vyumba ni vidogo, kitanda kikiingia nafasi imekwisha, ndiyo maana maisha yote yalikuwa uani: kupika, kugombana, kufundishana gitaa. Joe Higgs aliishi mitaa hiyo na ndiye aliyewafundisha akina Marley, Peter Tosh na Bunny Wailer kupanga sauti, bila malipo.

Nyumba ya namba 56 Hope Road iko juu mjini, kwenye mtaa wa matajiri, na kwa kijana wa Trench Town kuhamia hapo kulikuwa ni kuvuka mpaka. Tarehe 3 Desemba 1976 watu wenye bunduki waliivamia. Marley alijeruhiwa kifuani na mkononi, mkewe Rita kichwani, na meneja wake alipigwa risasi kadhaa. Siku mbili baadaye Marley alipanda jukwaani National Heroes Park. Matundu ya risasi bado yapo ukutani. Alifariki mwaka 1981, na nyumba ikawa makumbusho mwaka 1986.

Muziki wenyewe ulizaliwa mtaa gani?

Hakuna mtaa mmoja, ila ningekuelekeza sehemu tatu. Ya kwanza ni shule ya Alpha, barabara ya South Camp, iliyoanza mwaka 1880 na kuendeshwa na masista wa Kikatoliki kwa ajili ya wavulana maskini na yatima. Bendi ya shule ilifundisha tarumbeta na tromboni kwa nidhamu ya kijeshi, na humo wakatoka Don Drummond, Tommy McCook na wengine waliounda kundi la Skatalites. Ya pili ni barabara ya Orange, ambayo katika miaka ya 1960 ilijaa maduka ya santuri yakishindana kwa spika mlangoni. Ya tatu ni Studio One, iliyofunguliwa na Coxsone Dodd mwaka 1963 barabara ya Brentford. Barabara hiyo sasa inaitwa Studio One Boulevard.

Mwaka 2015 UNESCO iliipa Kingston hadhi ya mji wa muziki, na mwaka 2018 rege ikaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika.

Kuna Waafrika Mashariki walioweka historia Kingston?

Wapo, na ajabu hatuwataji. Agosti 1966, Kingston iliandaa michezo ya Jumuiya ya Madola kwenye Uwanja wa Taifa. Kipchoge Keino alishinda dhahabu mbili, maili moja na maili tatu. Naftali Temu akashinda maili sita, akimwacha Ron Clarke wa Australia, mtu aliyekuwa akivunja rekodi za dunia za mbio ndefu kwa mfululizo. Ilikuwa mara ya kwanza Kenya kushiriki michezo hiyo ikiwa nchi huru, na miaka miwili baadaye majina hayohayo yakatikisa Olimpiki ya Mexico.

Uwanja huo una mengine. Usiku wa kuamkia 6 Agosti 1962 bendera ya Uingereza ilishushwa hapo na ya Jamaika ikapandishwa. Januari 1973 George Foreman alimwangusha Joe Frazier mara sita katika raundi mbili, akauchukua ubingwa ambao angekuja kuupoteza kwa Muhammad Ali kule Kinshasa mwaka uliofuata. Aprili 1978 Marley aliwaita jukwaani mahasimu wawili wa siasa, Michael Manley na Edward Seaga, akaunganisha mikono yao juu ya kichwa chake wakati wafuasi wao walikuwa wakiuana mitaani. Mwaka 2002 Usain Bolt, akiwa na miaka 15, alishinda mita 200 katika mashindano ya dunia ya vijana mbele ya watu wa nyumbani. Sanamu yake iko nje.

Na Dar es Salaam ina uhusiano gani na Kingston?

Walter Rodney. Mwanahistoria huyu wa Guyana alisoma katika chuo kikuu kilichoko Mona, pembezoni mwa Kingston, akafundisha Dar es Salaam, kisha akarudi Mona kufundisha mwaka 1968. Hakukaa chuoni tu. Alishuka mitaa ya chini, akaketi na Marasta na vijana wasio na kazi, akawasimulia historia ya Afrika. Serikali iliingiwa na hofu. Tarehe 15 Oktoba 1968, akirudi kutoka mkutano Canada, alikatazwa kushuka kwenye ndege. Kesho yake wanafunzi waliandamana, watu wa mjini wakajiunga, ghasia zikazuka. Rodney akarudi Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1972 kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyodumaza maendeleo ya Afrika kikachapishwa Dar es Salaam na London.

Eneo la chuo cha Mona linafaa kutembelewa. Lilikuwa mashamba ya miwa, na mifereji ya mawe iliyopeleka maji kwenye vinu bado inakatiza viwanja. Kanisa la chuo lilikuwa ghala la shamba la miwa huko Trelawny, upande wa pili wa kisiwa. Lilibomolewa jiwe kwa jiwe na kujengwa upya hapa.

Devon House ni nini, na kwa nini kila mtu anataja aiskrimu?

Ni jumba la mwaka 1881 la George Stiebel, mwana wa mama mweusi wa Jamaika na baba Myahudi wa Kijerumani, aliyetajirika kwa dhahabu ya Venezuela na kuwa miongoni mwa mamilionea wa kwanza weusi wa Karibi. Sasa ni mali ya taifa. Aiskrimu huuzwa uani, Jumapili jioni foleni ni ndefu, na familia za juu na za chini hukutana hapo.

Sehemu za juu ya mji zina kitu cha kihistoria?

New Kingston, yenye mahoteli na mabenki, ilijengwa kuanzia miaka ya 1960 kwenye uwanja mwingine wa mbio za farasi. Humo kuna Emancipation Park, bustani iliyofunguliwa mwaka 2002 kukumbuka kukomeshwa kwa utumwa. Langoni kuna sanamu ya shaba ya Laura Facey, mwanamume na mwanamke walio uchi, wamesimama ndani ya maji wakitazama juu. Ilipozinduliwa mwaka 2003 watu walibishana miezi mingi, makanisani na redioni, kuhusu uchi wao. Mimi naona inafaa kabisa: hakuna pingu, hakuna nguo za bwana.

Bustani ya mimea ya Hope, iliyoanzishwa mwaka 1873, ni ya kupumzikia.

Je, Kingston ni hatari?

Baadhi ya mitaa, ndiyo. Tangu miaka ya 1960 vyama vikuu viwili viligawa nyumba za serikali kwa wafuasi wao, mtaa mzima ukawa wa chama kimoja, na bunduki zikafuata. Uchaguzi wa 1980 uliua mamia. Mei 2010 vikosi vya usalama viliingia Tivoli Gardens kumtafuta mtu aliyetakiwa na Marekani, na raia zaidi ya 70 waliuawa. Wakazi wa mitaa hiyo ndio waathirika wakuu wa hatari hiyo, si wageni. Ukienda Trench Town au Orange Street, nenda mchana na mwenyeji anayejulikana huko.

Nikiwa na siku moja tu?

Asubuhi mapema Port Royal, kabla jua halijakuwa kali. Rudi mjini utembee kwa miguu barabara ya King kutoka bandarini hadi Parade, uingie Liberty Hall. Mchana Trench Town pamoja na mwenyeji wako, kisha National Heroes Park. Hope Road na Devon House weka jioni. Siku hiyo utakuwa umepanda mji kama ulivyojipanda wenyewe.

Wakati gani unafaa kwenda?

Msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba, lakini tarehe 1 na 6 Agosti, siku ya kukomeshwa kwa utumwa na siku ya uhuru, zimo humohumo, na sherehe zake zina uzito ambao hautaupata mwezi mwingine. Februari husherehekewa kama mwezi wa rege, na hali ya hewa ni kavu. Saa za Kingston ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa nane: ukipiga simu nyumbani saa mbili usiku wako, huko watu bado wamelala, alfajiri haijaingia.